Nyoka Uliyemuua Hakuwa na Mke

Mwanangu Agnesi,

Kuanzia ukingo wa uwanda wetu huu wa Newala hadi kwenye mawe makubwa ya Masasi, hakuna mnyama asiyemjua baba yako. Simba akinisikia nakohoa hubadili njia. Nyani wakija kuiba mihogo huulizana kwanza, "Hilari yupo?" Wakiambiwa nipo, wanakwenda shambani kwa Danstani. Chatu mmoja wa kule Ruvuma aliwahi kunipisha njiani, akajikunja pembeni kama karani aliyemwona Bwana DC anapita. Hayo nimeyasema mbele ya watu wengi, wengi wameyaamini, na wa kwanza kuyaamini ulikuwa wewe, ukiwa huna hata meno ya mbele.

Mama yako amekaa hapa mlangoni anamenya mihogo na anasikiliza kalamu yangu. Sasa hivi tu ameniambia, "Baba Agnesi, mbona inakwenda mbio hivyo? Kalamu yako ikikimbia najua unaongopa."

Nimemwambia naandika salamu.

"Salamu gani ndefu kama njia ya kisimani?"

Nimeendelea kuandika. Unajua mama yako hashindwi.

Wewe umekwenda Mkunya kuwaaga shangazi zako, na jua lingali juu, kwa hiyo nina muda. Kesho asubuhi lori la korosho linakuchukua. Barua hii nitaiweka kwenye sanduku lako la bati, chini kabisa, ili usiipate mpaka uwe umefika. Sitakuandikia habari za kufua, kuamka mapema wala kuheshimu wakubwa. Hayo mama yako amekwisha kukuambia mpaka kuku wetu wanayajua kwa moyo. Mimi nina jambo moja tu, nami nalizunguka tangu asubuhi kama mbwa anavyozunguka mahali pa kulala.

Ni habari ya macho ya mama yako.

Unakwenda hospitali ya misheni kusomea uuguzi. Haitapita miezi mingi watakufundisha mambo ya macho, na siku hiyo utasikia kitu kitakachokufanya uniwazie vibaya. Mama yako amenipa muda mpaka lori liondoke. Amesema, "Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sitazunguka." Ninavyokujua, tangu ukiwa na miaka saba unaamini kwamba ni wewe uliyempofusha. Hujawahi kulitamka. Lakini nimekuona unavyomshika mkono, jinsi unavyomtangulia hatua moja na kuondoa kila jiwe, bila kupumzika, kama mfungwa aliyepewa kazi na serikali. Sitaki uanze maisha huko ukiwa na mzigo huo. Na sitaki uusikie ukweli kutoka kwa mtu mwingine.

Nitafika huko. Niache kwanza nikueleze jinsi nilivyokuwa mjuzi wa wanyama, kwa maana ujuzi ule ndio uliotufikisha hapa.

Unajua nimesoma darasa la tatu mara mbili, ukijumlisha ni la sita. Mara ya pili mwalimu alikuja na kinyonga juu ya tawi. Darasa zima tukatoka kwa madirisha. Kwetu Chiungutwa, kule bondeni, mtoto anafundishwa kumwogopa kinyonga kabla hajafundishwa kuogopa moto: akikugusa hutazaa, akikutemea utaoza mkono, akikutazama kwa jicho moja huku la pili linatazama nyuma, anatazama kaburi lako. Mwalimu akasimama peke yake na yule mdudu, akacheka, akamweka kwenye mkono wake mtupu. Tukasubiri mkono uoze. Haukuoza. Nzi akatua mezani, mbali, urefu wa rula nzima. Kinyonga akafungua kinywa, ukatoka ulimi mrefu kuliko yeye mwenyewe! Nzi hakuonekana tena. Mwanangu, mtoto mmoja alilia. Mimi sikulia, ila nilikaa chini bila kuangalia kama pana kitu cha kukalia.

Baada ya hapo nikajifanya bingwa wa vinyonga. Nilipomuoa mama yako nilimwekea kinyonga juu ya kanga yake nyekundu mbele ya shangazi zako wote. Nikatangaza, "Tazameni, sasa hivi atakuwa mwekundu." Kila mtu anajua kinyonga huiga rangi ya mahali alipo. Tukakaa. Kinyonga akaanza kuwa mweusi. Akazidi kuwa mweusi, akavimba, akafungua kinywa.

"Mbona kanga ni nyekundu, yeye anakuwa kama sufuria?" akauliza shangazi yako mkubwa.

"Anaanza na weusi," nikasema.

Alikuwa amekasirika tu. Rangi yake ni hasira yake na hofu yake na jua lililompiga mgongoni, si kanga. Hilo nimelijua baadaye sana, kwa kuwatazama kwenye mikorosho. Siku ile nilichojifunza ni kitu kingine: ukisema neno lolote kwa sauti kubwa, watu watangoja kidogo, kisha watakusaidia kuliamini. Shangazi zako wanasema mpaka leo kwamba kinyonga huanza na weusi.

Fisi naye alinishangaza zaidi. Ulikuwa hujatimiza miaka minne nilipokwenda Nachingwea kwenye kazi ya karanga, wakati wazungu walipokuwa wanang'oa msitu kwa mashine. Asubuhi moja tulikuta fisi amegongwa na trekta kando ya barabara. Tulikuwa vijana kama kumi na mbili, na mimi, kama kawaida, nikasogea mbele.

"Dume hili," nikasema. "Mwenye macho ajionee."

Kila mtu alijionea, na hakuna aliyebisha. Mzee mmoja Myao, mchunaji wa ngozi, alikuwa anatupita. Akasimama, akachomoa kisu, akampasua yule dume wangu tumboni. Ndani mlikuwa na watoto wawili.

Tulirudi nyuma wote pamoja kama tumesukumwa na mkono mmoja. Danstani, ambaye tulikwenda naye, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Yule mzee akafuta kisu kwenye nyasi, akasema, "Majike yao ndivyo walivyoumbwa. Na jike ndiye mkubwa wa nyumba. Dume anakula mwisho." Akaenda zake. Mengine usiniulize, wewe ni binti yangu; utawauliza wakubwa wako huko huko hospitalini.

Lakini sikia aibu yangu. Jioni ile ile nilikuwa nawafundisha watu wa kambi nyingine habari za fisi jike, kana kwamba nilikuwa mkunga wake. Danstani akaniangalia tu. "Asubuhi hukuwa unajua," akaninong'oneza. Nikamwambia, "Asubuhi nilikuwa nawapima." Ndivyo nilivyokuwa, Agnesi. Jambo likinishtua, kabla mshtuko haujaisha nimekwisha kuligeuza kuwa langu.

Na kovu la begani kwangu, ulilokuwa unaligusa kwa kidole ukiwa mdogo, ukiniambia, "Baba, nihadithie chui tena." Hapakuwa na chui. Nisamehe, ulimpenda sana yule chui.

Lilikuwa la jogoo.

Huku juu watu wanaamini yupo nyoka mwenye kishungi chekundu kichwani kama cha jogoo, naye huwika. Anakaa juu ya miti, mtu akipita chini anamgonga utosini. Dawa yake, wanasema, ni kupita chini ya mti ukiwa umejitwika chungu cha uji unaochemka. Nyoka akigonga, anagonga uji, anakufa. Mimi nilikuwa mwaka wangu wa pili hapa ukweni. Unajua desturi ya huku: mwanaume anahamia kwa mkewe, na mkwe mgeni anatazamwa kila siku kama mbuzi aliyeletwa mnadani. Ikasikika sauti inawika kichakani, upande wa kuteremkia kisimani, siku tatu mfululizo, mahali pasipo nyumba. Wanawake wakaacha kushuka kuteka maji. Nikasema, "Nipikieni uji."

Danstani akanisindikiza kwa hatua thelathini nyuma. Nikaweka ngata, nikaweka chungu, nikaenda chini ya mti uliosimama juu ya kile kichaka. Mvuke unanichoma masikio. Kichaka kikatikisika. Likatoka dude lenye kishungi chekundu, likaruka kunielekea na kupiga kelele. Nilishtuka, nikaruka nyuma. Chungu kikaniinamia.

Alikuwa jogoo wa mwalimu wa kanisa, aliyepotea wiki nzima.

Nilibabuka kutoka sikioni hadi begani. Jioni mwalimu wa kanisa alikuja na jogoo wake kwapani kunijulia hali. "Ahsante sana, Baba Agnesi, kwa kunipatia kuku wangu," akasema, kisha akatazama kile chungu. "Na uji haukubaki hata kidogo?" Watu walicheka mpaka wakakaa. Nami nilicheka kwa nje. Ndani nilikuwa naungua kuliko bega. Nikaapa kwamba nitatafuta kitu ambacho hakuna mtu hapa kijijini atakayekicheka.

Nikakipata. Nilivuka Ruvuma, nikakaa kwa fundi mmoja wa nyoka siku nane. Alinichanja chale kwenye vifundo vya mikono yote miwili, akanipa pembe ya swala iliyojaa unga mweusi. Nikarudi huku naitembeza ile pembe kifuani. Nikawa sasa mtu wa nyoka. Nyoka akionekana shambani kwa mtu, naitwa mimi. Nikimshika watu wanashangilia. Sikuwaambia kwamba nyoka wengi nilioshika hawana sumu yoyote, kwa sababu hata mimi sikujua. Nilidhani ni chale.

Yule fundi alinipa mwiko mmoja: dawa ikishapakwa, maji yasiiguse kwa siku tatu.

Sasa mama yako amesimama, anauliza umefika wapi, yaani nimefika wapi. Nimemwambia nimefika kwenye pembe. Amekaa tena, na hamenyi tena mihogo.

Ulikuwa na miaka saba. Siku moja, penye kinu, uliona nyoka mwembamba wa kahawia, ukampiga kwa mchi mpaka akafa, ukaniletea ukiwa umemning'iniza kwenye kijiti. Nilikubeba mabegani nikazunguka nawe kijiji kizima. "Damu yangu hii!" nikasema. Ulicheka sana siku ile. Kicheko chako kilikuwa cha kelele, sijui kama unakikumbuka.

Siku mbili baadaye, mchana, mama yako aliingia kwenye banda la kuku kuokota mayai. Swila alikuwa ndani anafuata panya na vifaranga, kwa maana ndiko riziki yake iliko. Akainua kichwa. Mama yako anasema hakuona akitema, aliona tu shingo inatanuka, halafu ni kama mtu amemmwagia pilipili ya kusaga na makaa. Alipiga kelele neno moja, "Macho!" Nilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nilikuja mbio na pembe yangu, na watu walikuja mbio nyuma yangu, ishirini au zaidi, na nitakuambia kweli, mwanangu: katikati ya hofu yangu mlikuwa na furaha ndogo. Nilifikiri, leo wataona.

Wakati huo huo marehemu bibi yako alikuwa anafika kutoka kisimani. Wewe unakijua kile kilima. Alishuka kabla ya jua kuchomoza na alikuwa anarudi jua likiwa utosini, kwa mtungi mmoja. Mtungi ulikuwa bado kichwani, umejaa, majani juu yake ili maji yasimwagike. Akasimama nyuma ya ukuta wa jiko. Kwa heshima ya huku, mama mkwe hasemi na mkwewe uso kwa uso. Miaka yote ile sikuwahi kuona macho yake yakinitazama, na njia niliyopita mimi yeye aliipisha. Hata siku ile hakuvunja. Alikuita wewe.

"Agnesi, mwambie baba yako amwoshe mwenzake kwa maji. Haya yote. Nitashuka tena."

Ukaja. Ukanivuta shati. "Baba, bibi anasema umwoshe mama kwa maji, yote, atashuka tena."

Nami nikajibu kwa sauti, ili watu wasikie: "Mwambie bibi yako maji ni ya ugali. Nyoka wana mwenyewe, na mwenyewe ndiye mimi!"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu waliotulizwa. Ukarudi kule nyuma ya ukuta na jibu langu. Ulikuwa mjumbe mzuri, hukupunguza neno. Huenda umesahau. Mimi sijasahau hata ulivyokanyaga.

Nikampaka mama yako ule unga mweusi ndani ya macho yote mawili. Alinishika mikono. Aliniomba maji. Aliyaomba kwa jina langu la utoto, ambalo hakuwa amelitaja mbele za watu hata siku moja. Nikamwambia, "Vumilia, dawa inafanya kazi." Nikamfunga kitambaa, siku tatu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, jua kali, watu wamejaa uani, nikakifungua. Macho yalikuwa meupe kama ute wa yai uliochemshwa. Mama yako akageuza uso huku na huku, kisha akasema taratibu kabisa:

"Mbona mmekaa gizani? Washeni taa."

Sijui niandike nini hapa. Nimeshtushwa na ulimi wa kinyonga, nimeshtushwa na tumbo la fisi, nimeshtushwa na jogoo. Ule haukuwa mshtuko wa namna hiyo. Ule ulikuwa kama kusikia mlango unafungwa kwa nje. Watu wote walinitazama mimi. Hawakuwa wanamtazama yeye, walikuwa wananitazama mimi na pembe yangu. Mtu mmoja akauliza, "Imekuwaje dawa ikashindwa?" Mama yake Danstani akasema, "Labda kuna nyoka aliyeuawa hapa." Na mwingine, "Si juzijuzi Agnesi aliua mmoja penye kinu?"

Wao waliuliza tu, Agnesi. Mimi ndiye niliyejibu.

Nikasema, "Basi ndiyo huyo. Mume kauawa, mke kaja kulipiza. Kwa nyoka wa kisasi dawa yoyote hushindwa."

Uani pakasikika watu wakishusha pumzi. Kila mtu akaridhika. Dawa yangu ikabaki safi, jina langu likabaki safi. Wewe ulikuwa umeshika kanga ya mama yako kwa mikono miwili.

Sasa nisikilize, na haya ninayajua kwa kuyatazama kwa macho yangu miaka tisa, si kwa kuyasema. Nyoka hana mke. Wanakutana majira yao, wanaachana, hata njiani hawasalimiani. Hajui nani kafa wala nani kaua. Hana hata masikio ya kusikia kilio. Anachosikia ni ardhi inavyotikisika. Uliyemuua wewe alikuwa mla panya, hana sumu ya kumwumiza hata kifaranga, na wala hakuwa kabila moja na swila. Swila naye aliuawa bandani, na niliwazika wote wawili mwenyewe, niliwaona walivyo tofauti. Nilikuwa nayajua hayo ya tofauti yao siku ile ile niliposema walikuwa mume na mke.

Baada ya mwezi tukampeleka hospitali, huko huko Masasi unakokwenda. Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa mtu mfupi wa kaptula, mpole. Akamfunua mama yako macho kwa kidole gumba, akatazama muda mrefu.

"Mlimwosha kwa maji baada ya muda gani?"

"Hatukumwosha," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Tulikuwa na dawa."

Akaniacha nimalize habari zote za pembe, za chale, za siku tatu. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Bwana, mate ya swila yakikudondokea mkononi unafuta tu, hayakufanyi kitu. Jichoni ndiko yanakounguza. Unaosha hapo hapo, kwa maji mengi, unaosha na kuosha. Hapa wanakuja wengi, waliooshwa mapema huwa wanaona."

"Maji gani hayo? Ya sindano?"

"Ya mtungini."

Nilikaa sakafuni, Agnesi, ndani ya hospitali ya watu, sakafuni. Kule kwetu Chiungutwa ningemwosha kwa ndoo kumi bila kufikiri, maji yapo chini ya miguu. Huku juu nilijifunza kuyahesabu kwa kikombe, kisha nikauamini ujuzi wa mtu aliyeniambia maji ni adui. Wodini utawaona wanaofanana nami, wataingia na pembe zao. Usiwacheke, wala usiwaamini. Kama unaweza, watoe watu nje kwanza. Mimi peke yangu na mke wangu na ule mtungi, ningeosha. Mbele ya watu ishirini nilikuwa na jina la kulinda.

Mama yako alisikia kila neno la dresa, alikuwa kwenye benchi. Tuliporudi, lori linapanda kuja Newala, aliuliza swali moja tu.

"Mtungi wa mama ulikuwa umejaa?"

"Ulikuwa umejaa."

Lori likapanda mpaka likafika juu. Halafu akasema, "Mtoto umwambie." Nikasema nitamwambia. Bibi yako naye hakunisema kwa mtu mpaka anaingia kaburini, na kwa desturi yetu sikuweza hata kwenda kumwomba radhi uso kwa uso.

Na sasa nimefika. Haya ya macho, pamoja na ubaya wake, niliyafanya kwa kutojua. Nilikuwa mpumbavu mwenye pembe. Kuna jambo nililolifanya kwa kujua, nalo ni dogo, lilichukua muda wa kumeza mate.

Siku ile tuliposhuka kwenye lori, ulikuja mbio. Nyuma yako walikuwa wanakuja watu kutusalimu, Danstani, mwalimu wa kanisa, shangazi zako. Ukasimama mbele yangu, ukauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea:

"Baba, dresa amesema ni kwa sababu yangu?"

Jibu lote lilikuwa mdomoni mwangu. Nililibeba njia nzima kutoka Masasi, nilikuwa nimelipanga neno kwa neno. Nikawatazama wale watu wanavyokaribia. Nikakuwekea mkono kichwani, nikasema, "Nyamaza, mwanangu. Yamekwisha."

Uliitikia kwa kichwa, kama mtu mzima. Ukamshika mama yako mkono, ukamwongoza ndani, na kile kicheko chako cha kelele sikukisikia tena mpaka leo hii ninapoandika.

Uliniuliza swali, Agnesi, na jibu lake lilikuwa hapana. Haikuwa kwa sababu yako hata kidogo. Ilikuwa kwa sababu yangu, nilikuwa najua, na nilikuacha uamini ni wewe.

Baba yako,
Hilari